Risasi Hukaa kwa Mwenzake

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Kaka wa mke wangu aliponialika tukawinde nguruwe pori milimani juu ya Makobola, jambo la kwanza lililonijia ni ule mpaka wa shamba la mihogo tuliokuwa tukiugombania tangu msimu uliopita. Mbona leo ana moyo mzuri hivyo?

Kwetu bunduki ina adabu yake. Ile ya shemeji ni ya mtutu mmoja, inakunjika katikati. Njiani hubebwa ikiwa imekunjwa, ili kila mtu aone kwamba haina kitu. Mwenye bunduki hutangulia. Risasi hukaa kwa mwenzake, naye hutoa moja tu mnyama akishaonekana. Nilizidai hata kabla hatujatoka uani. Alinipa tatu.

"Ndizo zote?"

"Shemeji, weye unafikiri minye iko naficha ingine wapi?"

Nilifikiri mfukoni, basi. Njia nzima nilikodolea macho suruali yake. Kila alipojikuna, roho iliniruka.

Kwenye kijito alinikabidhi bunduki ili apime maji kwa fimbo. Akavuka, akaanza kupanda mteremko, nami nyuma yake. Hapo hofu ikanizidi akili. Nikimrudishia, akachomoa risasi yake ya siri, nitakimbilia wapi? Nikatumbukiza moja, nikaifunga bunduki, nikajiambia sasa hanipati.

Hatua chache mbele niliteleza nikapiga magoti. Mtutu ulichota tope, na nilipojiinua ukamgonga mgongoni, katikati ya mabega. Aligeuka. Aliona bunduki imefungwa, akaona kidole changu kwenye kifyatulio.

"Fungula," akasema taratibu.

Nilifungua. Risasi ikachomoka, ikaanguka kwenye majani. Sijawahi kuona aibu kama ile maishani. Hakunitukana. Aligeuza mifuko yake yote miwili nje: tumbaku, na kisu kidogo cha kumenyea mihogo.

Akaokota risasi, akaipangusa, akanirudishia.

"Shika. Ni kazi yako. Lakini dada yangu asijuwe."

Akaichukua bunduki, akaiweka begani ikiwa imekunjwa, akatangulia tena bila kugeuka. Nguruwe hatukumwona. Nilimfuata hadi nyumbani, macho yangu kwenye duara la tope ambalo mtutu ulimwachia kwenye shati.