Tarumbeta ya Mzee Lusweti

Ukiulizia Mzee Lusweti pale Huruma, watakuuliza: yule wa viatu ama yule wa tarumbeta? Ni mtu mmoja. Siku za kazi anashona viatu mlangoni pake. Jumapili anavaa yunifomu nyeupe na kuongoza bendi ya kanisa. Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: kupiga tarumbeta kwenye maandamano ya Jumapili ya Matawi, kama alivyofanya tangu ndevu zake zikiwa nyeusi.

Lakini ndani ya mdomo wake wa chini palikuwa na uvimbe. Meno ya bandia yalisugua pale mpaka nyama ikaota, ngumu kama haragwe. Haukuuma. Ila akipuliza, pumzi ilitorokea pembeni.

"Mzee, hiyo ni tarumbeta ama ni ndama?" Wabuge, mpiga ngoma, akamtania.

Daktari Chepkoech wa kliniki ya meno alituma kipande kikapimwe. Si kansa. "Tutautoa na leza," akamwambia. "Ni mwanga unaokata na kuziba damu hapo hapo. Unachomwa ganzi tu, hulali."

Siku ikafika. Presha ikapimwa, iko juu sana. Rudi nyumbani, Mzee. Wiki iliyofuata, juu zaidi. Akarudi akatupa kofia kitandani.

"Na dawa nameza kila siku!" akamfokea mkewe, Musimbi, utadhani yeye ndiye ile mashine ya kupimia presha.

Safari ya tatu, juu tena. Daktari akamtazama vizuri.

"Mzee, leo umekunywa chai?"

"Chai gani? Mtu wa operesheni anakula?"

"Na dawa ya presha?"

"Inamezwa pamoja na chakula, daktari. Sijaonja hata maji tangu jana jioni. Bendi nzima imefunga na mimi."

"Hata zile siku zingine?"

"Kila siku ya operesheni! Wabuge alipotolewa henia tulifunga wote. Ndiyo kawaida yetu."

Daktari akashusha pumzi. "Yule alilazwa usingizi. Wewe ni ganzi tu. Unakula, unameza dawa, ndiyo unakuja. Pole, Mzee. Tulipaswa kukuambia."

Alhamisi akaja na uji tumboni, dawa ndani. Presha ikatulia. Wakamvisha miwani ya kuzuia mwanga, akachomwa ganzi, akasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Kabla hajamaliza kuomba kimoyomoyo, uvimbe umetoka. Hata uzi hakushonwa.

"Ni hiyo tu?" akauliza, karibu kwa hasira.

"Ni hiyo tu. Lakini tarumbeta usiguse mpaka kidonda kipone. Wiki mbili, pengine zaidi."

"Matawi ni Jumapili hii!"

"Najua, Mzee."

Laiti uvimbe ungetolewa siku ile ya kwanza, kidonda kingekuwa kimeshapona. Hilo ndilo lililomuuma.

Jumapili alisimama kando ya barabara na nguo za nyumbani, yunifomu aliikataa. Bendi ikapita. Ilipofika pale tarumbeta hujibu, pakawa kimya, Wabuge akajaza na ngoma.

Musimbi akamletea kikombe cha uji uliopoa. "Kunywa."

"Sitaki."

"Umefunga mara tatu bure, Baba Sylvia. Na leo tena?"

Akakipokea. Akanywa polepole, macho kwenye lile pengo mbele ya bendi.

"Na Wabuge naye," akanung'unika, "anakimbiza ngoma."