Sufuria yangu imetoka ndui ukweni

Jamani, leo sufuria imeniaibisha!

Ile inayong'aa kuliko viatu vya Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali. Ndiyo, niliyompelekea mama yake Mwajuma nilipokwenda kuposa.

Mwenye duka alisema nikeli yake, madini ya kuzuia kutu, ni kidogo, ndiyo maana ni rahisi. Akaniambia niipikie uji tu, chumvi nisiiweke. Mimi, msomi wa darasa la nne, nikamtangazia mama mkwe: "Hii haishiki kutu milele!"

Basi akachemshia chumvi ya ziwani.

Leo kaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona sufuria yako ina ndui?"

Vitobo vya kutu, chini kote!

"Na wewe, baba, tutakuloweka kwenye chumvi kwanza, ndipo tukupe binti."

Mwajuma akacheka. Mwajuma wangu!

Haya, semeni: kosa langu, au la ziwa?