Uzito wa Bibi

Likizo ile, nikiwa kidato cha pili, kazi yangu pale kijijini Mugango ilikuwa kumwangalia bibi akila. Sukari ilikuwa imerudi madukani baada ya ile miaka ya foleni, watu wakaanza kunawiri, lakini bibi mzaa baba alizidi kukonda. Tangu usichana alibanika samaki kwenye kibanda kisicho na dirisha, moshi ukamkaa kifuani. Kutoka kitandani hadi mlangoni alisimama njiani, mikono magotini, akitafuta pumzi.

Daktari wa Musoma alisema kifua hakiponi, ila asiachwe akonde; mwili ukiisha, hata nguvu ya kuvuta pumzi itaisha.

Basi mama akawa anamsongea ugali wa muhogo mwingi kama wa mvuvi. Kwetu mama mkwe akikonda, anayesemwa ni mke wa mwanawe, na kisimani walishaanza kusema. Bibi naye hakuweza kukataa chakula cha mkwewe. Alimeza, halafu mabega yakaanza kupanda na kushuka, midomo ikawa ya kijivu. Mimi nilishindwa hata kuhama nilipokaa.

Mama alipotoka, bibi akaniambia polepole, kwa ule utani wake kwa mjukuu, "Mke mwenzangu, mimi nikishibaga nazama."

Nilimweleza mama kwa kunong'ona, maana kusema mbele ya watu sijui. Akauliza kama nilitaka bibi ashindie hewa. Akila niliogopa, asipokula niliogopa vilevile.

Tuliporudi hospitali bibi alipandishwa kwenye mizani, na uzito ulikuwa umeongezeka. Mama alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Akasema wa kisimani sasa watafute mwingine wa kusema.

Muuguzi hakucheka. Aliinama, akabonyeza mguu wa bibi kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki.

"Huu si mwili, mama. Ni maji. Moyo umechoka kukisaidia kifua."

Bibi akauliza, "Sasa nimenenepa au nimekonda?"

Muuguzi alijibu kwamba nyama imepungua, maji ndiyo yameongezeka. Akaagiza alazwe, na apewe chakula kidogo kidogo, mara nyingi, tumbo lisisukume kifua.

Jioni, wodini, mama alimnywesha uji: kijiko kimoja, anasubiri pumzi irudi, kisha kingine. Mimi nilikaa upande wa kichwani, nisiione ile miguu, nikisikiliza kama pumzi itarudi tena.