Maziwa ya Wageni

Niliusikia mlio kabla sijakiona chombo. Ulinijia kwenye simu asubuhi ya mvua jijini Nairobi: kidole kikigonga kitu kikavu, kisha ngii nyembamba iliyokawia kuisha. Halafu nikasikia kicheko cha rafiki yangu Saadia. "Hiyo ni udongo, walaal, ndugu yangu! Wifi yangu mtarajiwa ndiye ameifinyanga. Njoo uone mikono yake kabla hatujamleta kwetu."

Saadia ni mshairi. Tumesomeana kazi zetu Jumamosi nyingi, na hakuna aliyewatetea wanawake kwa beti kali kumshinda. Mimi nilikuwa na riwaya iliyokwama, yenye mfinyanzi ambaye sikujua hata moto wake unanukaje. Nikafunga mkoba.

Garissa, alasiri. Basi lilivuka daraja la Tana na joto likanipokea kama mtu aliyekuwa akinisubiri kwa hasira. Nyumbani kwao Saadia, mtaa wa Galbet, nililetewa chai ya maziwa ya ngamia. Nilipoionja nikasita.

"Imeungua?" niliuliza.

"Imeungua nini! Chombo kinafukizwa kwanza kwa moshi wa mti, ndiyo maziwa inaingia. Maziwa bila moshi ni maji nyeupe tu. Kunywa, mtu wa bara!"

Nikanywa. Kikombe cha pili niliomba mwenyewe.

Kesho yake mapema tulishika njia ya Balambala kwa gari la kaka yake, Abdi, yule bwana harusi, Saadia akiwa usukani. Vumbi lilitufuata. Pande zote mbili ulisongamana mathenge, mti wa miiba unaomeza malisho na mashamba. Tulipita mbuzi waliokonda hadi mbavu zikahesabika. Saadia, ambaye hunyamaza akiwa amelala tu, siku hiyo alinyamaza akiwa macho.

"Kuna ujumbe shangazi zangu wamenipa," alisema mwishowe. "Usiniulize."

Sikumwuliza. Nilidhani ni mambo ya nguo na ubani.

Balambala, jua likiwa limepanda. Nyuma ya mlango wa bati kulikuwa na ua uliofagiwa, na katikati yake msichana mrefu, tope hadi viwikoni, buibui limekunjwa na kufungwa kiunoni. Huyo ndiye Ifrah. Mama yake, Khadija, alikuwa ameketi kwenye gunia akisugua kwa kokoto laini chetezo kilichokwisha kukauka, mpaka udongo ukang'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta.

"Karibuni, karibuni! Ijumaa inshallah mtoto wangu anaenda nyumba zuri," Khadija alisema, akimtazama Saadia kwa furaha ambayo haikujificha. Pembeni, juu ya sinia, aliweka chombo cha kusukwa kilichojaa maziwa. "Hiyo ya wageni. Chai baadaye, kwanza moto."

Ifrah alinikagua. "Wewe ndiye mwandishi? Basi shika kokoto usugue. Kalamu iko likizo."

Nilisugua. Wakati huo Ifrah alinionyesha bakuli dogo la kijani, linaloteleza kwa mng'ao. Alisomea kazi hiyo chuoni, akarudi na kujenga tanuri lake la matofali kwenye kona ya ua. Majivu ya mathenge huyachekecha, huyachanganya na udongo laini na mchanga uliosagwa, kisha huyapaka juu ya chombo. Moto ukiwa mkali wa kutosha, majivu huyeyuka yakawa kioo.

"Mengi yalipasuka. Hili lilikubali," alisema. "Mathenge imekula shamba letu. Mimi nimeitia kwenye bakuli."

Vyetezo vya harusi, hata hivyo, vilichomwa kwa njia ya mama yake. Walivipanga ndani ya shimo, wakavifunika kwa samadi kavu ya ng'ombe na vijiti, wakawasha. Miali ilipotulia wakafunika kwa mabati, na moshi ukabaki chini kufanya kazi yake. Ulinukia nyasi iliyoungua na mvua ya zamani. Macho yalinitoka machozi, lakini sikutaka kuondoka.

Adhuhuri ilipopita walifunua. Ifrah aliinua chetezo cha kwanza kwa ncha ya mti, bado kikiwaka wekundu kwa ndani, akakitua mchangani. Kisha akachovya kitita cha majani ndani ya bakuli la maziwa ya ngamia na kukirashia. Yalilia kama nyoka aliyekanyagwa. Palipokuwa na wekundu pakawa na kahawia, kisha nyeusi, mabaka kama ya ngozi ya chui.

Nilishtuka. Niliwakumbuka mbuzi wa njiani. "Maziwa?" niliuliza.

"Bila maziwa udongo inakunywa mafuta ya ubani," Khadija alieleza. "Chungu inakunywa kwanza, watu baadaye."

Lakini Saadia alikuwa amesimama. "Eddo, mama! Maziwa motoni? Neema inachomwa hivi, na watu hawana?"

"Ni ya ngamia wetu," alijibu Ifrah. "Na mwaka mzima chombo hakitanyonya mafuta."

"Afadhali niseme sasa." Saadia hakumtazama mtu. "Shangazi zangu wamesema, ukija kwetu, uje bila udongo. Bila tanuri, bila moshi. Kwetu mwanamke haonekani na tope hadi hapa." Akagusa kiwiko chake safi.

Nilimkodolea macho. Saadia! Midomo ile ile ya Jumamosi! Nilingoja acheke, aseme ni mzaha. Hakucheka.

"Na kaka yako?" Ifrah aliuliza.

"Abdi hajasema kitu."

"Hajasema kitu." Ifrah aliinua chetezo cha mwisho, kile cha kwenda nacho kwa mumewe, akakitua mchangani polepole. Bakuli la maziwa lilikuwa tupu. "Basi nimemsikia."

"Abaayo, dada yangu, ni mikono tu. Utapata kazi nyingine. Shule, duka—"

"Ni mikono tu," Ifrah alisema, "na ndiyo niliyo nayo."

Sote tulimgeukia Khadija. Ijumaa ilikuwa yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Aliinuka, akajipangusa, akaenda kwenye sinia. Nilidhani anatutilia chai ili maneno yapoe. Akakifungua chombo cha kusukwa, akarudi nacho mchangani, na maziwa ya wageni akayamimina yote juu ya chetezo cha binti yake.

Mvuke ulimficha uso.

"Chai imekwisha," alisema. "Na Ijumaa pia."

Saadia aliokota funguo za gari. Nami nilisimama pale nikiwa na kokoto mkononi. Nilikuja kujua moto wa mfinyanzi unanukaje. Nilijifunza kwamba rafiki waweza kumsikiliza miaka mingi usijue atasema nini siku atakapotumwa na wakubwa zake.

Kiti changu kilikuwa ndani ya gari lake. Nilimrudishia Ifrah kokoto yake. Alinipa mkono wenye tope, akanibana vidole kwa nguvu.

"Pole na njia," Khadija aliniambia.

Saadia alitangulia, nami nikamfuata hadi juani. Nyuma yetu Khadija aliusukuma mlango wa bati, na komeo likaingia.