Jina Lililoangukia Kwenye Maungio

Nakumbuka Jumamosi moja ya Desemba, mwanangu, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na kiburi cha kutosha watu wawili. Nilikuwa nimemaliza kusomea kompyuta chuoni Sigalagala, na pale kwa baba, Shinyalu, nilikuwa na kompyuta kuukuu na printa ndogo ya mezani iliyonguruma kama kinu cha posho. Ukoo wetu ulikuwa unakutana nyumbani kwa babu, ng'ambo ya kijito. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchapisha mti wa ukoo, ubandikwe ukutani kila mtu ajione.

Majina nilipewa na senge Muhonja, dada mkubwa wa baba. Hakuwa amesoma, lakini ukoo mzima ulikuwa kichwani mwake, nyumba kwa nyumba. Alitaja, nikaandika. Niliupanga mti kwenye programu ya kupangia kurasa, ukapendeza kweli kweli kwenye kioo. Mti uliishia kwenye kizazi chetu, nacho kilikuwa na watu wengi, basi majina yao nikayasimamisha wima ili yatoshe.

Sasa, printa ya nyumbani haiwezi karatasi kubwa namna hiyo. Nikaiagiza programu iukate mti vipande kumi na viwili vya karatasi za kawaida, nami niviunganishe kwa gundi. Ambacho sikujua, wala sikujisumbua kujua, ni kwamba printa hizi hazitii wino ukingoni. Huacha upana wa kidole kila upande, na chochote kilichoangukia hapo hakitoki. Dawa yake ipo: kwenye dirisha la kuchapisha kuna mahali pa kuamuru kurasa zilaliane, yaani kila karatasi irudie kidogo yaliyo kwenye mwenzake. Nilipaona mahali hapo, nikapapita. Nilikata kingo nyeupe kwa wembe, nikagundisha vizuri hata maungio hayakuonekana, nikajisifu.

Tulipobandika, watu wakasogea wakitafuta majina yao na kutaniana. Ndipo akaja Shivachi. Niseme kidogo juu yake, unielewe. Aliletwa pale mgongoni mwa mama yake, mama huyo alipoolewa na baba yangu mkubwa. Babu alimpokea, akampa jina la ukoo, akasema huyu ni wetu. Lakini ulimi hauna mfupa. Wapo waliomwita mtoto wa kuja hadi akaanza kuota mvi.

Siku hiyo alikuja na wanawe. "Tafuteni baba yenu," akawaambia, akicheka. Wakatafuta, wakakosa. Akatafuta mwenyewe, kidole kikipita juu ya ndugu zake mmoja baada ya mwingine. Jina lake, kwa kusimama wima, lilikuwa limeangukia kwenye maungio ya karatasi mbili, likapotea lote. Binamu yetu mmoja akaguna, akasema kwa sauti, "Kumbe hata kompyuta inajua."

Mwanangu, uso wa Shivachi niliouona wakati huo ninauona mpaka leo. Hakugomba na mtu. Aliwaambia wanawe waende nyumbani. Nami, kwa aibu, nikachomoa kalamu mfukoni nikaenda mbio ukutani niliandike jina lile. Senge akanishika mkono.

"Weka hiyo kalamu chini," akasema. "Wote wako na wino ya mashine, yeye umwandike na mkono kando? Si ndio hiyo wanasemanga, ati aliongezwa tu? Ukiandika hivyo umewapa ushahidi."

"Senge, ni makosa ya printa."

"Printa haina senge. Wewe uko na senge. Nani alibandika bila kunisomea?"

Ningalimsomea, angaligundua jina lile halipo kabla sijavuta pumzi. Akamgeukia Shivachi. "Wewe kaa chini, wewe na watoto wako. Hakuna mtu anakula hapa mpaka hii mti irudi na wewe ndani."

Obusuma, ugali wetu, ilikuwa tayari na kuku, ingokho zetu, zimeiva, harufu imejaa uani, lakini senge akisema amesema. Shivachi akaketi bila kuinua macho.

Nilibandua karatasi zangu, tukavuka kijito mimi na senge. Mara ya kwanza niliamuru kurasa zilaliane kidogo mno, majina ya pembeni yakatoka nusu. Nikaongeza hadi upana wa vidole viwili, na karatasi zikawa kumi na tano. Kwenye ya tisa wino ukaanza kufifia. Nikaitoa katriji, nikaitikisa, nikairudisha, ukatoka tena. Ya kumi na moja ikakwama, nikaivuta, nikaanza hiyo upya. Nilitamani kulia, lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kule ng'ambo alikuwako mtu ameketi akingoja kujua kama pale ni kwao. Tulipomaliza kugundisha nikamsomea senge jina moja moja, naye akajibu, "Yuko." Nilipofika kwenye jina la Shivachi, senge aliniambia nirudie.

Tuliporudi hakuna aliyekuwa amekula. Nikabandika mti, kisha nikasema mbele ya wote kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu. Shivachi akasimama, akaenda, akaweka kidole juu ya jina lake, katikati ya ndugu zake wawili, akakiacha hapo muda mrefu. "Ni mimi huyu," akawaambia wanawe. Binamu yetu alikuwa ameinamia viatu vyake. Senge akaagiza chakula kiletwe.

Basi, mwanangu, nasikia umenunua printa yako na watu wameanza kukuletea kazi. Furahi, nami nafurahi. Lakini kila mara chapisha karatasi moja ya kujaribu, uipime kwa rula, kabla hujaziachia zote. Usikiamini kioo, kioo hakina kingo za kukatwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wangu ulikuwa upana wa vidole viwili tu. Kazi yenye majina ya watu isome kwa sauti mbele ya anayewajua wenyewe, hata kama hajui a wala be. Na ukimkosea mtu hadharani, usimtengenezee kwa kalamu pembeni. Ng'oa kazi yote, ianze upya, umrudishe mbele ya macho yaleyale yaliyoona ametoweka. Utachoka, utaaibika. Fanya hivyo hivyo.

Mungu akupe mikono isiyochoka kurudia. Na siku utakapolitafuta jina lako mwenyewe kati ya jamaa zako, ulikute limeandikwa kwa wino uleule wa wenzako.