Mtu wa Koti la Zambarau

Mimi Fatu sina mdomo wa kumficha ndugu yangu. Mikdad tumetoka tumbo moja, ni fundi redio hapa Bagamoyo, mpole, swala hazimpiti, na nyumba yake kaivunja kwa wivu. Nasema kwa uchungu, lakini nasema.

Kicheche alikuwa anammalizia kuku mkewe, Hajra. Mwingine angetega mtego. Mdogo wangu akanunua kompyuta ile ya kibao kitupu, haina kioo wala kasha, ndogo kama kiberiti, akaipachika kijikamera cha kuonea gizani, akakifunga juu ya mlango wa uani. Chochote kikipita hapo kinapigwa picha, na tarehe inaandikwa chini. Hajra akamcheka, akasema kuku wake sasa wana studio. Ndivyo walivyokuwa wakitaniana wawili hao, hata ukaona raha kukaa kwao.

Ijumaa moja Mikdad alikuwa Lugoba anafunga sola. Huku kwetu umeme ukakatika, ukarudi Jumapili asubuhi, siku ile ile aliyorudi yeye. Wiki kadhaa baadaye ndipo akakaa kupitia picha. Kicheche hakumwona. Alimwona, mchana kweupe, mwanamume wa koti la zambarau, kofia kichwani, kaipa kamera mgongo, anatokea mlangoni kuingia uani, na Hajra anamkimbilia huku anacheka. Chini imeandikwa ile Ijumaa.

Akamwekea mkewe simu usoni. Hajra akatazama, akamwuliza, "Huyu si wewe, Baba Najma?"

Jamani, hapo ndipo alipoona anachezewa. Ijumaa yeye alikuwa Lugoba, na koti la zambarau hajapata kuwa nalo. Akamtamkia talaka tatu kwa mpigo, pale pale, chungu kiko jikoni kinachemka. Shehe alipoulizwa akasema zimepita. Hajra akambeba mtoto wao Najma, akarudi kwao Makurunge. Nilikuwa nimemwambia Mikdad hasira hasara, lakini nani anasikia la dada?

Mwezi uliopita kaja kwangu na koti lake jeusi la safari mkononi. Alikuwa dukani anaijaribu kamera ile ile, koti limetundikwa ukutani, na kwenye picha likatoka zambarau. Kumbe kamera za kuonea gizani ndivyo zilivyo, mchana hugeuza rangi ya baadhi ya nguo nyeusi. Hapo ndipo akakumbuka jambo ambalo fundi mzima alipaswa kulikumbuka mapema: kompyuta ile haina betri ya saa. Umeme ukikatika saa husimama, na ukirudi bila intaneti huendelea pale ilipoachia. Jumapili aliyorudi yeye, kompyuta ilikuwa bado iko Ijumaa.

"Dada," akasema, "yule ni mimi."

Nikamwambia ndiyo, ni wewe, na mkeo alikwambia. Nilikuwa na hasira hata machozi yakanitoka. Talaka tatu hazirudi kwa kuomba radhi. Hajra hawi wake tena mpaka kwanza aolewe na mwingine, na hilo Mikdad hata kulitaja hawezi. Alikwenda Makurunge, baba yake Hajra akampokea kwa adabu, akampa kahawa. Hajra hakutoka, maana sasa Mikdad kwake ni mtu baki.

Picha bado anayo. Hukaa barazani kwangu akiikuza kwa vidole, koti halitazami tena, anatazama uso wa Hajra, na mikono yote miwili iliyonyooshwa kumpokea mkoba. Yeye akirudi nyumbani alikuwa na mazoea ya kuinamisha macho, anawaza kazi zake. Jana akaniuliza kama Hajra alikuwa akimpokea hivyo siku zote.

"Siku zote," nikamwambia.