Dart ya Njano ya Wanda Gorecki

Mjini Wyandotte, kando ya mto Detroit, kulikuwa na gari jeusi ambalo kila mtu aliliita gari la Leonard. Likiwashwa, vikombe vilitikisika kabatini kwa jirani, na mbwa wa mtaa wa pili wakaanza kujibu. Leonard Gorecki alilichokonoa zaidi ya miaka arobaini, hadi moyo wake uliposimama akiwa amekaa kwenye kiti cha kukunja mlangoni mwa karakana yake, chupa ya bia mkononi, akilitazama. Watu walisema amekufa kifo cha raha. Mkewe Wanda alisema hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyokuwa.

Walichokisahau watu, na wengi hawakuwahi kukijua, ni kwamba gari lile lilikuwa la Wanda.

Alilinunua mwaka 1970, msichana wa miaka ishirini, hajamjua Leonard hata kwa sura. Alikuwa akishona viti vya magari kiwandani, na mikono yake ilikuwa na kasi ambayo wasimamizi waliizungumzia hadi kantini. Wenzake walinunua magari ya kistaarabu ya kuendea kazini na kanisani. Wanda akaingia dukani akaagiza gari aina ya Dart, la milango miwili, ndogo, nyepesi, yenye injini iliyoizidi nguvu. Nje njano kama limau lililoiva, ndani nyeupe.

"Baba yako atakuja lini kuliona?" muuzaji akamuuliza.

"Baba yangu ana lake," Wanda akajibu. "Lete karatasi nisaini."

Akaolewa na Leonard, wakakaa vizuri. Miaka ikapita, akapata mtoto wa kiume, Gary. Aliporudi kutoka hospitali na kichanga mikononi, alimkuta Leonard na Kazimir, mdogo wake Leonard, wamesimama mbele ya nyumba, wanameremeta kwa furaha kama watoto waliochora ukutani. Katikati ya boneti ya njano palikuwa na tundu kubwa linalotosha kuingiza sufuria.

"Leonard, boneti yangu imefanya nini?"

"Ilikuwa inaibana injini, mpenzi. Sasa inapumua."

Wanda hakuwa amelala siku tatu, na mtoto alikuwa analia. Akacheka, akaingia ndani. Baadaye alikuja kuona kwamba kicheko kile ndicho kilichofungua mlango. Baada ya boneti ikaondoka injini, ikaingia nyingine kubwa zaidi. Ikaondoka gia ya kujiingiza yenyewe, ikaja ya mkono sakafuni, na klachi yake nzito. Madigadi ya nyuma yakakatwa ili matairi mapana yapate kuenea. Mwisho njano ikafunikwa na nyeusi. Kila mara Leonard aliahidi kwamba safari nyingine atauliza kwanza, na kila mara alisahau. Hakuwa mume mbaya. Mtoto akilia usiku aliamka yeye, na Wanda akiugua alimpikia supu ya kuku mpaka anapona. Ila mkono wake ukishashika msumeno, masikio yalikuwa yanaziba. Wanda akajitafutia gari jingine la kuendea kazini, na ile Dart ikawa ya Leonard vivi hivi, bila mtu kutamka neno.

Mwaka wa pili baada ya mazishi, Agosti, siku ile magari ya zamani yanapojaa barabara ya Woodward kuanzia asubuhi, chama cha wapenda magari cha akina Leonard kilitaka gari lake liwe mbele ya msafara. Kazimir akaja kuchukua ufunguo.

"Nitaliendesha mwenyewe," Wanda akamwambia.

"Shemeji, klachi ile inataka mguu wa mwanamume."

"Basi leo itaupata wa bibi kizee."

Akaliendesha. Goti lilimuuma, jasho likamtiririka, lakini alifika bila kulizima hata mara moja, akaliegesha kwenye majani mahali alipoonyeshwa. Watu wakalizunguka. Wote walimpa pole, wote walimsifu marehemu, na Wanda akashukuru kwa moyo, kwa kuwa sifa zile zilikuwa za haki. Kisha mzee mmoja mwenye kamera shingoni akainama dirishani.

"Mama, enzi zile alikuwa anakupa lifti hata kidogo?"

"Lifti?" Wanda akasema. "Kwenye gari langu?"

Yule mzee akacheka sana, akidhani ni utani. Hilo Wanda angelimeza. Lakini Kazimir, aliyekuwa amesimama pembeni, naye akacheka, na Kazimir alikuwa anajua. Alishawahi kupanda kiti cha nyuma cha Dart ile ingali njano.

"Kaz," Wanda akasema kwa sauti ya kawaida tu, "nalirudisha gari hili lilivyotoka kiwandani."

"Shemeji, jua limekupiga kichwani. Kunywa maji."

"Maji nimekunywa."

Jumapili Gary akaja kula, na Kazimir naye akajileta bila kualikwa. Soseji na kabichi vikapoa mezani.

"Hii ni dhambi, shemeji," Kazimir akasema. "Mtu katumia maisha yake kwenye gari lile, wewe unataka kulifuta."

Gary alizungumza taratibu zaidi, na maneno yake ndiyo yaliyochoma. "Mama, baba hakuacha kitu kingine. Ni hilo tu limebaki."

"Na wewe je? Wewe umetoka wapi, kwenye katalogi ya vipuri?"

Gary akacheka bila kutaka. Lakini Wanda aliona macho yake, na usiku huo hakujiona mshindi.

Hakukurupuka. Majira yote ya majani kupukutika alikuwa anakwenda karakanani na kahawa yake, anafungua boneti, anatazama. Kazi ya Leonard ilikuwa safi. Michomeleo yake ilinyooka kama mshono wa cherehani nzuri, na Wanda alikuwa mtu wa kuujua mshono. Alijiuliza kama ni hasira inayomsukuma, maana kama ni hasira aliazimia aliache gari jinsi lilivyo. Hasira ni fundi mbovu. Akaitafuta hasira, hakuiona. Aliona kitu chepesi zaidi: alitaka kuendesha gari lake, na kwa umri wake miguu isingemngoja. Leonard alikuwa amelifurahia hadi siku yake ya mwisho, mbele ya macho yake. Zamu ya Leonard ilikuwa imekwisha kwa heri.

Akampigia simu Otis Pettway, fundi wa bodi za magari wa mji jirani wa Ecorse, mzee mwenzake aliyewahi kufanya naye kazi kiwandani. Otis akaja, akapitisha kiganja kwenye madigadi yaliyokatwa, akaguna.

"Dada Wanda, kukata hivi ni kazi ya alasiri moja. Kurudisha ni msimu mzima."

"Nimestaafu, Otis. Misimu ndiyo niliyo nayo."

"Na watu watakusema."

"Wameshaanza. Wewe ungefanyaje?"

Otis akafikiri. "Mimi ningeliacha. Ni kazi nzuri hii. Lakini mimi sikulinunua."

Wanda alimpenda kwa jibu lile kuliko kama angekubaliana naye.

Kikabaki kikwazo kimoja. Injini ya kwanza, pamoja na gia yake, ilikuwa kwa Kazimir. Leonard alimpa siku ilipong'olewa, naye Kazimir akaifunga kwenye lori lake dogo, ambalo sasa lilikuwa limeoza chasi na kulala ghalani. Wanda akaenda mwenyewe, theluji ya kwanza ikianguka, akamkuta anapanga zana.

"Nimekuja kuomba injini, Kaz."

"Leonard alinipa mimi."

"Alikupa. Kitu cha nani?"

Kazimir akafuta spana ambayo haikuwa na uchafu. "Siku ile Woodward," akasema mwishowe, "sikupaswa kucheka."

"Hukupaswa."

"Ila nikiifikiria ile injini kubwa inatupwa kwenye chuma chakavu, shemeji, usingizi haunipati."

"Nani kakwambia inatupwa? Chukua wewe. Aliijenga huku ukimmulikia taa, miaka yote. Ni yako kuliko yangu."

"Unasema kweli?"

"Niletee ile ya kwanza, uondoke na hiyo kubwa. Na gia yake, na matairi yake, na hata ile boneti yenye tundu. Tafuta bodi, ujenge."

Kazimir akageukia ukutani kutafuta kitu ambacho hakukihitaji, akakaa huko kidogo. Alipogeuka, macho yalikuwa mekundu lakini ulimi umerudi. "Klachi utaikumbuka."

"Goti langu litaikumbuka. Mimi hapana."

Majira yale ya baridi Otis alichomelea madigadi mapya, akapata boneti nzima kutoka kwa mtu wa Ohio. Kazimir aliifungua injini ya zamani, akaipanga upya kipande kwa kipande, huku akilalamika kwamba ni kama ya mashine ya kukatia majani. Viti Wanda hakumpa mtu. Alikuwa na cherehani ya kiwandani, aliyoichukua kiwanda kilipofungwa, akashona kila kipande cha ngozi ile nyeupe mwenyewe, vidole vikimuuma jioni na asubuhi vikiamka vinataka tena. Sehemu moja ya kiti cha mbele aliifumua mara mbili kwa sababu mstari ulipinda kwa upana wa uzi. Hakuna mwingine ambaye angeuona.

Rangi ya njano ilipokauka, mwezi wa tano, Gary alikuja. Akalizunguka gari polepole. Mama yake akamwacha.

"Sikujua lilikuwa hivi," akasema hatimaye.

"Ungejuaje? Ulilipanda likiwa na tundu tayari. Ingia."

Wakashuka na barabara ya mtoni kuelekea kusini, madirisha wazi. Gary alikuwa amezoea kupiga kelele ndani ya gari lile ili asikike. Alipofungua mdomo sauti ikamtoka kubwa mno, wakacheka wote wawili. Kisha wakazungumza. Alimuuliza mama yake mambo ambayo hakuwahi kuuliza: kiwandani palikuwaje, alikuwa akienda wapi na gari akiwa peke yake, na baba alimpata vipi.

"Kwenye taa nyekundu," Wanda akasema. "Alikuwa na gari la kuazima. Akanitazama, akaungurumisha injini tushindane."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwacha nyuma. Wiki ileile akanitafuta tena, nikamwacha tena."

"Baba hakuwahi kuniambia!"

"Angekwambiaje? Mara ya tatu nilipunguza mwendo, akanipita. Nilikuwa nimeshaona anacheka vizuri."

Gary akaegemeza kichwa kwenye kiti cheupe, akacheka mpaka akafuta machozi. Mbele yao barabara ilikuwa tupu na imenyooka. Wanda akakanyaga mafuta, na Dart ikaruka.